Kinasa Sauti Jikoni kwa Shangazi Anna

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimerudi chumbani kwangu Kijenge, mlango umejibamiza nyuma yangu. Si upepo. Ni Dokta Batuli.

Msimamizi wangu huyu hapigi kelele. Angepiga kelele ningepona. Alizipekua hojaji zangu ishirini moja moja, akazipanga mezani, akavua miwani. Akaniuliza tasnifu yangu inahusu nini. Nikamjibu: namna watu wa Nkoaranga wanavyochanganya Kimeru na Kiswahili katika mazungumzo ya kila siku. Akauliza, kati ya hao ishirini niliowahoji, wangapi wamesema wanachanganya. Nikakohoa. Hakuna. Sifuri! Wote wameandika hawachanganyi, hawajawahi kuchanganya, na wanawasikitikia wanaochanganya.

Namba kumi na nne, fundi pikipiki, alinijibu kwa mdomo wake: "Mimi si-miksi kabisa, bro. Ukimiksi unawakonfyuzi watoto." Nikaandika: HAPANA.

Dokta akasema mtu hajui anavyosema, kama asivyojua anavyotembea. Usimuulize, msikilize. Anataka saa sita za mazungumzo ya kweli, yaliyorekodiwa kwa ridhaa ya wenyewe, kabla ya Ijumaa tarehe 21 nitakaposimama mbele ya jopo. Nikishindwa, jina langu linatoka kwenye orodha ya wahitimu wa mwaka huu. Siku kumi na nane!

Halafu kuna Muzammil. Mwanafunzi mwenzangu, mada yangu mimi, isipokuwa yeye anachunguza wenye maduka wa Kaloleni. Tayari ana saa kumi na moja. Nilimuuliza anatumia mbinu gani. Akasema anakaa tu. Anakaa! Amefunga Ramadhani, midomo imemkauka, na bado ana nguvu za kunificha siri huku akitabasamu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata ufumbuzi. Shangazi Anna!

Shangazi ni dada wa marehemu baba. Ndiye aliyenilea tangu darasa la pili. Kahawa yake na migomba yake ndivyo vilivyonisomesha. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, ni Naisiae, mama Saruni, Mwarusha aliyeolewa hukohuko Nkoaranga miaka thelathini iliyopita. Wawili hawa nimewasikia tangu utotoni wakirushiana maneno juu ya ua: Kimeru, Kimaasai na Kiswahili, vyote ndani ya sentensi moja, bila kuvuta pumzi. Hazina! Ilikuwa pale miaka yote na mimi nahangaika na mafundi pikipiki.

Nilipanda kwao mapema. Fomu za ridhaa wakasaini bila shida. Nikaweka kinasa sauti juu ya kigoda, nikabonyeza, taa nyekundu ikawaka.

Shangazi alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Akaketi wima. "Habari za asubuhi, ndugu msikilizaji. Mimi naitwa Anna, ni mkulima." Mama Saruni akapokea: awali ya yote anamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, na pili anaushukuru uongozi wa chuo. Kisha wakajadili umuhimu wa kutunza mazingira. Dakika arobaini na saba! Kiswahili sanifu kitupu, hata mimi sikijui vile.

Nilizima. Taa ilipozimika tu, Shangazi akafungua Kimeru, Mama Saruni akamkata kwa Kimaasai, wakakutana kwenye Kiswahili katikati wakicheka hadi machozi. Nikawasha haraka. "Kwa hakika," akasema Shangazi, "mvua za mwaka huu zinatia matumaini."

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu mpya, kutoka kitabuni. Unawapa watu wawili picha mbili zinazofanana isipokuwa vitu saba. Kila mmoja anaona ya kwake tu. Ili wazijue tofauti, lazima waulizane. Katika kuulizana wanajisahau, lugha zinamwagika zenyewe. Haijawahi kushindwa, kinasema kitabu.

Nilichora mwenyewe: boma, ng'ombe, mlima, mama mwenye ndoo. Nikawaketisha mgongo kwa mgongo. Nikawasha.

Mama Saruni aligeuka, akaichukua picha ya Shangazi, akaziweka zote mbili mapajani. Akaangalia. Akahesabu kwa kidole, kimya. "Ziko saba. Ng'ombe wako huyu mmoja hana kiwele, umekosea, au ni dume? Nikuletee chai?"

Dakika moja na sekunde kumi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimedanganya. Sikupanga.

Nilikutana na Dokta Batuli kwenye ngazi za maktaba, Muzammil yuko pembeni. Akauliza maendeleo. Nikasikia sauti yangu ikisema nina data nzuri sana, asilia kabisa, watu wanaongea kana kwamba sipo. Akafurahi. Anataka kuisikia Jumatano. Muzammil akanipongeza kwa kunishika bega. Mkono wake ulikuwa mzito mno kwa mtu aliyefunga.

Nimehesabu siku zilizobaki, zinatosha vidole vya mkono mmoja. Jumatano!

Nimeisoma upya fomu ya ridhaa. Inasema: "Ninaridhia mazungumzo yangu yarekodiwe kwa ajili ya utafiti." Haisemi lini. Haisemi kifaa kitakuwa wapi. Haisemi kwamba msemaji lazima akione!

Kwa hiyo si kosa. Nimelifikiria kutoka kila upande.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya.

Jiko la Shangazi ni kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba. Juu ya mafiga kuna kichanja anachokaushia mahindi ya mbegu. Asubuhi, alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, nilipanda kwenye ndoo nikaiweka simu yangu nyuma ya debe, inarekodi. Nikaaga kwamba nakwenda Tengeru kumwona rafiki. Rafiki sina. Nilikaa kwenye jiwe chini ya barabara nikihesabu watu waliopita. Mia moja na nne. Kila mmoja nilidhani anajua.

Jioni nikamwambia Shangazi nimesahau kofia jikoni. Akaniambia kofia iko kichwani. Nikamwambia ile nyingine. Simu ilikuwa ya moto, ina masizi, na kuku alikuwa ameitawaza kwa kinyesi. Lakini imerekodi! Saa mbili na dakika kumi, mpaka chaji ilipokwisha!

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka ibadani, nimevaa spika za masikioni, nimechukua kalamu zangu. Bluu Kiswahili, kijani Kimeru, nyekundu Kimaasai.

Dhahabu! Ndani ya dakika kumi za kwanza, lugha zimebadilika mara thelathini na nane. Wanahama katikati ya kitenzi! Mama Saruni anaanza kumsema mchungaji kwa Kimaasai, anamsifu kwa Kiswahili, Shangazi anamalizia kwa Kimeru jambo ambalo sitaliandika hata humu. Nilicheza kitandani. Nilimwonyesha Muzammil ngumi, japo hakuwepo.

Dakika ya hamsini na mbili Shangazi alishusha sauti.

Alisema ana uvimbe titini, upande wa kushoto. Ameugundua Krismasi. Hajamwambia mtu. Mama Saruni akamwambia waende hospitali kesho asubuhi. Shangazi akakataa. Akasema akienda na wakikuta ni ile kitu, Efraimu, ndiye mimi, ataacha masomo arudi kumuuguza, na amebakiza miezi michache. Amalize kwanza. Akamwapisha Mama Saruni asinifungulie mdomo.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Neno "naogopa" amelisema mara tatu, mara zote kwa Kimeru. Kwa Kiswahili hakulisema hata mara moja. Nikaandika pembeni: *uchunguzi muhimu*.

Kisha nikaona nilichoandika. Nikakifuta. Ilikuwa kalamu ya wino. Bado kinasomeka.

Jumatatu, 10 Machi

Siwezi kula. Siwezi kumwambia ninajua, kwa sababu ataniuliza nimejuaje. Siwezi kunyamaza, kwa sababu tangu Krismasi ni wiki kumi na moja.

Mpango: ndoto. Watu wa kwetu hawadharau ndoto. Nikampigia simu, shikamoo, marahaba mwanangu, nikamwambia nimeota malaika ananiagiza nimpeleke hospitali akapimwe. Akaniuliza malaika alisema kwa lugha gani. Nikababaika, nikasema Kiswahili. Akasema malaika wa ukoo wetu angejua Kimeru. Akauliza kama jana nilikula maharage.

Jumanne, 11 Machi

Mpango wa pili, bora zaidi. Nilimwambia utafiti umeingia hatua mpya: lugha ya akina mama wakiwa kwenye foleni ya hospitali. Ninamhitaji mtu mmoja tu, apange foleni, apimwe, basi. Apimwe kila kitu, nikasisitiza, ili foleni iwe ndefu.

Akakubali mara moja! Kwa ajili ya masomo yangu Shangazi angepanga foleni hata ya jela. Lakini akasema kila kitu ni kusumbua watu, yeye atapima macho. Nikasema macho hayana mazungumzo. Akasema ndiyo yanayomsumbua akisoma Zaburi.

Hospitalini nikamnong'oneza muuguzi kwamba huyu mama apimwe na mengine. Akaniuliza mengine yapi. Nikasema yote. Akauliza mimi ni nani wake, nikajikuta nimesema mtafiti. Akanitoa nje, kwa haki kabisa.

Shangazi akatoka na miwani ya kusomea. Furaha yake! Alisimama ukutani akasoma matangazo yote kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nawa mikono. Maliza dozi. Tumia chandarua. Kisha akafika kwenye bango la akina mama, jinsi ya kujikagua matiti. Akaanza kulisoma. Akaishia katikati ya mstari. Akaivua miwani, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba.

Nikamuuliza limesemaje. Akasema ni matangazo tu.

Tulishuka pamoja ile njia ya mawe katikati ya kahawa. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Nilifika nayo hadi mlangoni kwake, nikarudi nayo mjini.

Jumatano, 12 Machi

Nilimchezea Dokta Batuli dakika kumi za kwanza. Kidole kwenye kitufe, nisije nikapitiliza.

Akafumba macho akisikiliza. Akasema hajasikia data safi namna hii miaka mingi. Akaomba unukuzi wote uwe mezani kwake Jumatatu. Akauliza nimetumia mbinu gani. Nikasema ushuhudiaji shirikishi. Akauliza nilishiriki vipi na sauti yangu haisikiki. Nikasema nilishiriki kimyakimya.

Muzammil, ambaye hakuna aliyemwita, akasema kwa upole kwamba kuku anasikika karibu sana na kinasa. Akauliza kama nilikaa kwenye dari.

Nilicheka. Nilicheka muda mrefu kuliko inavyofaa.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyohivyo.

Nilipanda Nkoaranga kuungama. Kweli! Nilijizoeza tangu Kijenge. Unukuzi ulikuwa kwenye begi, kurasa thelathini na moja, rangi tatu. Nimefika, Shangazi akanipokea vizuri mno, chai, ndizi za kuchemsha, jambo langu likarudi tumboni. Akaniomba nikampelekee ng'ombe maji. Nikaacha begi kwenye kiti. Zipu wazi. Mimi huyu!

Nikiwa zizini nilimsikia akicheka. Alikuwa ameona karatasi zenye rangi, akadhani ni picha. Ana miwani sasa. Akasoma ukurasa wa kwanza, akajikuta yeye mwenyewe anamsengenya mchungaji, akamwita Mama Saruni aje aone walivyoandikwa. Nikamwaga maji yote, ndoo bado mkononi. Nikakimbia.

Nilipofika mlangoni kicheko kilikuwa kimekwisha. Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa mapajani mwake. Kijani kitupu.

"Efraimu," akasema, taratibu, Kiswahili kitupu kama siku ile ya msikilizaji. "Haya niliyasema nikiwa jikoni kwangu. Kulikuwa na mimi na Naisiae na kuku."

Nikasema fomu haikutaja mahali.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kati ya maneno yote! Mama Saruni alinishukia. "Ero!" alianza, Kimaasai cha kasi, na baada ya hapo sikuweza kumfuata, na sidhani alitaka nimfuate. Shangazi akamwinulia mkono.

"Ungeniomba ningekupa," akaniambia. "Mimi nimekunyima nini wewe? Hukuomba. Umechukua."

Hapo nililia. Mtu mzima, miaka thelathini na mbili, nimeshika ndoo tupu. Nikamwambia naomba akapime. Nikamwambia masomo yanaweza kusubiri hata miaka kumi, lakini yeye nitampata wapi mwingine. Nikamwambia nimeshindwa kula tangu Jumapili. Akasema ndiyo maana ndoto. Ndiyo maana foleni. Nikasema ndiyo. Akaanza kutikisika, nikadhani analia naye. Alikuwa anacheka, na analia.

Amenipa masharti mawili. Nifute kila kitu, sasa, mbele yake. Na nimwambie mwalimu wangu ukweli kwa mdomo wangu. Akiona nimetimiza la kwanza, Jumatano atakwenda hospitali.

Nimefuta. Saa mbili na dakika kumi. Karatasi aliziingiza mwenyewe kwenye mafiga, moja moja, na ile ya kumi na tisa aliisukuma kwa kijiti mpaka ikaisha.

Jumatano, 19 Machi

Tumekwenda watatu. Shangazi katikati, Mama Saruni kulia, mimi kushoto na mkoba wake.

Wamechukua kipimo kwa sindano. Majibu Alhamisi ijayo. Siku nane! Daktari ni binti mdogo, mpole, aliongea na Shangazi kwa Kiswahili, alipoona amekaza mabega akahamia Kimeru. Shangazi akashusha mabega. Nililiona hilo. Mkono wangu ulikwenda mfukoni kwenye daftari. Mama Saruni akaushika mkono huo, akaukalia.

Ijumaa, 21 Machi

Sharti la pili. Nilikuwa nimekubali kulitimiza. Hakika kabisa; ndiyo maana Jumatatu nilimwomba Dokta unukuzi usubiri hadi leo. Lakini asubuhi nikipiga mswaki nikawaza: ukweli unaweza kusemwa kwa hatua. Hatua ya kwanza, data imepotea. Hiyo ni kweli. Imepotea.

Nikasimama mbele ya jopo. Watu watano. Nikasema kwa masikitiko simu yangu imeharibika, iliingia kwenye maziwa. Dokta Batuli akauliza maziwa gani. Nikasema ya Momela. Mzee mmoja wa jopo akaandika. Dokta akasema alidhani namaanisha maziwa ya ng'ombe. Nikasema hayo pia. Akaniuliza ziwa lipi kati ya yale ya Momela, na ng'ombe alifikaje hifadhini.

Mzee wa jopo akaacha kuandika, akaweka kalamu chini. Kisha nikaona uso wa Shangazi akisukuma ile karatasi kwa kijiti.

Nikasema yote. Kichanja, debe, kuku, ukurasa wa kumi na tisa. Sikusema alikuwa anaumwa nini, hilo ni lake. Nilisema tu kwamba nilisikia jambo ambalo halikuwa langu.

Barua ya onyo. Tasnifu imesogezwa hadi mwakani. Naanza upya, fomu mpya, kila kipande wakisikilize wenyewe kabla sijakitumia, na wakisema hapana ni hapana. Dokta Batuli aliniambia haya bila kupandisha sauti. Mwishoni akasema nimpe pole Shangazi. Hapo ndipo nilipotamani sana angepiga kelele.

Nje, Muzammil alikuwa ananisubiri. Nilijiandaa kwa dharau. Akanieleza siri yake, bure, tena amesimama juani na swaumu yake. Kabla hajawasha kinasa hata mara moja, alifanya kazi dukani kwa mjomba wake miezi mitano. Alibeba magunia, alipima sukari, alifagia. Kinasa kiliwekwa mezani katika mwezi wake wa sita pale, kila mtu akijua. Wiki mbili walikiogopa, wiki ya tatu wakakiwekea vikombe vya chai juu yake.

"Hamna njia ya mkato, kaka. Wakuzoee tu."

Nikamuuliza, miezi mitano? Akasema mitano na nusu.

Bado naamini kuna kitu ananificha.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuna habari. Nimempigia Shangazi mara nne. Mara ya nne alipokea Mama Saruni, akasema Shangazi yuko shambani, ana kazi, na mimi nitafute yangu.

Alhamisi, 27 Machi

Si saratani!

Narudia, maana nimemwomba daktari naye arudie mara tatu: si saratani. Ni uvimbe wa kawaida, hauna sumu, watautoa kwa upasuaji mdogo baada ya Pasaka. Mama Saruni alipiga magoti palepale kwenye korido akaomba, watu wakapita pembeni yake. Shangazi aliuliza kama anaweza kuendelea kubeba ndizi. Daktari akasema siyo mkungu mzima. Shangazi akaniangalia, akasema basi mbebaji amepatikana.

Tulishuka polepole. Mvua ilianza na hakuna aliyeharakisha. Pale penye kona ya kahawa alisimama. Akasema amelifikiria jambo langu. Nije kila Jumamosi. Kinasa kikae mezani, wakione. Watasikiliza baadaye, yeye na Naisiae, na watachagua cha kunipa. Na siku ambayo hawataki, nitakata majani ya ng'ombe.

Nikamwuliza kwa nini, baada ya yote. Akasema asubuhi ile ya karatasi, kabla hajafika mbali, alifurahi kujisoma. Hakuwahi kuona Kimeru chake kimeandikwa na mtu.

Nimeapa moyoni, pale kwenye mvua: hila basi. Hila zimekwisha. Mimi ni mtu mpya.

Jumamosi, 29 Machi

Kikao cha kwanza cha halali. Fomu mpya, saini mpya. Kinasa katikati ya meza, taa inawaka. Mimi kwenye kigoda changu, mpole kama kondoo. Moyo mweupe.

"Ndugu msikilizaji," akasema Shangazi Anna.

Nilivumilia. Faida za kula mboga za majani. Nafasi ya mwanamke katika maendeleo. Nikamkumbuka Muzammil na magunia yake. Miezi mitano na nusu! Nikihesabu kutoka leo, nafika katikati ya Septemba. Mwakani si mbali. Mwakani ni kesho!

Dakika ya arobaini na mbili, Mungu ni mwema, mbuzi wa Mama Saruni alikata kamba, akaruka ua, akaingia kwenye kabichi za Shangazi.

Loo! Nyimbo! Shangazi alimtaja mbuzi huyo kwa Kimeru hadi kizazi cha tatu. Mama Saruni akajibu kwa Kimaasai kwamba ua ni mbovu, akahamia Kiswahili kutaja nani anapaswa kuutengeneza, akarudi Kimaasai kwa ajili ya matusi madogo. Shangazi akamfuata hukohuko, kwa Kimaasai chake cha kuvunjikavunjika, akatua Kimeru. Hawakukumbuka taa. Hawakunikumbuka mimi. Dakika sita, nimehesabu mabadiliko hamsini na moja! Kisha wakapatana, wakamfunga mbuzi, wakasikiliza rekodi wakicheka, wakanipa yote. Halali. Safi. Hata Dokta Batuli hana la kusema.

Nimewaza njia nzima hadi mjini. Watu wakikasirika wanajisahau. Hiyo ndiyo mbinu! Hakuna cha kuficha, kinasa kiko mezani, ridhaa ipo, kila mtu anajua anarekodiwa. Kinachohitajika ni kabichi tu. Na kuna mistari minne bado haijaguswa.

Nina wasiwasi kidogo, lakini ni ule wa kawaida.

Wakati wa kuondoka nilipitia nyuma, karibu na kigingi cha mbuzi. Mama Saruni amefunga kamba mpya. Ni fundo moja tu, na linalegea ukilivuta upande wa kulia.

Jumamosi ijayo nitafika mapema.